Joka Lisilokubali Kupigwa

Mfyuu! Eti dogo wa chipsi kawa mbwa mwitu. Huyuhuyu anayetukaangia zege hapa kona, mwenye aproni iliyowahi kuwa nyeupe enzi hizo. Wala hajalogwa. Kajiunga na grupu la mtandaoni, watu wa huku na kule wasiowahi kuonana, kila mmoja kajichagulia kiumbe: huyu jini wa majini, yule mnyonya damu wa miaka mia tatu, mwingine joka lenye mabawa. Wanatunga hadithi moja kwa pamoja, haina mwisho, na kila mtu anasema kwa kinywa cha kiumbe chake. Wa kwetu ni seremala mpole wa kijijini ambaye mwezi ukiwa mpevu anaota manyoya. Dogo anaandika kwa gumba la kushoto, mkono wa kulia umeshika mwiko, na karai likichachamaa inabidi mbwa mwitu asubiri.

Habari ilipofika kwenye benchi kila mtu alisonya kwa namna yake. Fundi cherehani akasema ndiyo maana siku hizi viazi vinaungua. Muuza kahawa, ambaye hakuna jambo geni asilolijua mzizi wake, akatangaza kuwa hao ni Frimasoni, wanaanza na manyoya, mwisho wanaomba damu ya ndugu. Wa bodaboda alitaka kujua kitu kimoja tu: wanalipa? Alipoambiwa hawalipi, tena bando ni la dogo mwenyewe, akasonya mara mbili, akarudi kwenye mkeka wake wa mechi za Jumamosi ambao nao haujawahi kumlipa.

Mzee wetu wa bao alikuwa wa mwisho, na msonyo wake ulikuwa na uzito mwingine. Yeye ni mtu wa Singida, na Singida hawatanii mambo ya watu kugeuka wanyama. Miaka ya 1940 huko zilivuma habari za watu-simba: mtu anakutwa kararuliwa, alama za kucha mwili mzima, na minong'ono kwamba aliyemrarua halali porini, analala nyumba ya tatu kutoka hapa. Mkoloni aliamua kuwa ni mauaji ya binadamu yaliyovishwa ngozi ya simba, akakamata watu na kuwafikisha mahakamani. Mzee alizaliwa baadaye, lakini hadithi hizo alizikuta zimekaa mezani zinamsubiri. Ukitoka Singida, nenda Pemba na Unguja mwaka 1995, popobawa alipotembea: watu wazima, wenye wake na wajukuu, walilala nje makundi kwa makundi wakiota moto, maana hakuna aliyetaka kukutwa peke yake chumbani. Nenda Usukumani, ambako vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, wekundu wa moshi wa kupikia na si wa kitu kingine, kwa madai kwamba usiku wanapanda fisi.

Kwa hiyo mzee hakuwa anacheka alipouliza: "Na huko kwenu, mjukuu wangu, mtu akishajulikana kuwa ni mchawi, mnamfanyaje?"

Dogo akajibu bila kugeuka kutoka kwenye karai: "Babu, huko wachawi ndio viongozi."

Loo! Benchi zima lilipasuka. Muuza kahawa alisimama na birika lake akitaka kila mtu ashuhudie kwamba alisema. Lakini dogo hakutudanganya, na hapa naomba mnipishe niseme ninachokijua, maana jambo hili lina ukoo wake.

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani unaoitwa Dungeons & Dragons. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu. Mnakaa mezani, mmoja anasimulia, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, dadu zinaamua. Miaka minne baadaye, 1978, kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw, akaanza kuandika programu ya kompyuta ambayo watu kadhaa wangeweza kuingia kwa pamoja na kukutana humo ndani. Wakaiita MUD. Mwenzake Richard Bartle akaipokea mwaka 1980 na kuiendeleza. Haikuwa na picha hata moja. Ni maneno matupu kwenye skrini: uko njiani, kuna msitu, yupo mtu mbele yako. Mchezaji aliyefikisha pointi za kutosha alivikwa cheo cha mchawi, na mchawi humo alikuwa na uwezo ambao mchezaji wa kawaida hakuwa nao. Na watu wa nje ya chuo waliotaka kuingia kwa njia ya simu waliachiwa saa za usiku wa manane, wenye kompyuta wakiwa wamelala. Hata hilo la wachawi kufanya kazi usiku, mnaona, halikukosekana.

Cheo kikabaki. Michezo iliyozaliwa na ule wa Essex ilipoenea, wasimamizi wake wakaendelea kuitwa wachawi. Mwaka 1989 ikatokea TinyMUD huko Carnegie Mellon, Marekani, ambayo iliacha mambo ya kukimbizana na pointi. Watu wakawa wanajenga vyumba vya maneno na kupiga soga humo. Mwaka 1990 ukaanzishwa FurryMUCK, mji mzima wa wanyama wanaosema na kutembea kwa miguu miwili. Ukoo wa dogo wetu unapita hapohapo. Sasa sikilizeni adhabu. Mchawi wa TinyMUD alikuwa na amri ya kummaliza mkorofi: anamgeuza chura. Yaani mtu aliyekuwa na jina, na sura aliyojiandikia mwenyewe kwa sentensi nzuri nzuri, anageuka kitu kilichoachwa sakafuni, chenye utelezi, hakisemi wala hakiamriki, na mwenyewe hawezi tena kuingia ndani yake.

Hapo ndipo fundi cherehani alipoacha kushona. Watu wamejichagulia wenyewe kuwa mbweha, paka na majoka, na adhabu kubwa kuliko zote ni kugeuzwa kiumbe ambacho hukukichagua! Mimi nilipolielewa hilo ndipo nilipolielewa na grupu la dogo. Sisi tunadhani kiini cha mambo yao ni yale manyoya. Manyoya ni nguo tu. Kiini ni nani ana ruhusa ya kumwandika nani.

Nendeni Palo Alto, California. Pavel Curtis, mtafiti wa Xerox PARC, alikuwa na mji wake wa maneno unaoitwa LambdaMOO, aliouchora kwa mfano wa nyumba yake mwenyewe. Mgeni alikuwa anatokea ndani ya kabati la makoti, anapapasa, anafungua mlango, anajikuta sebuleni na watu wanaongea. Siku moja mwaka 1993 akaingia sebuleni humo mchezaji anayejiita Mr. Bungle, umbile la mchekeshaji mnene mwenye nguo chafu. Alikuwa na kiprogramu cha kichawi, mwanasesere, ambacho kilimwezesha kuandika matendo yakaonekana kama vile wengine ndio wanayatenda. Akaandika uchafu wa kuwadhalilisha watu mbele ya kadamnasi, kwa majina yao, na wenyewe wakiwa wamekaa mbele ya kompyuta zao wanasoma miili yao ikifanya mambo wasiyoyafanya.

Hakuna ngozi iliyoguswa. Lakini mmoja wa waliofanyiwa, mwanamke wa Seattle aliyekuwa akicheza kama roho mjanja wa Kihaiti, aliandika ujumbe wa hasira kumlaani Bungle, kisha akadai ageuzwe chura, na baadaye alimwambia mwandishi Julian Dibbell kwamba alipokuwa anauandika ujumbe ule machozi yalikuwa yanamtiririka. Wanakijiji wakakutana. Wakabishana saa kadhaa, sheria ipi, mahakama ipi, adhabu ipi, wakatawanyika bila uamuzi. Curtis alikuwa ameshatangaza mwishoni mwa mwaka 1992 kwamba wachawi hawataamua tena ugomvi wa watu, raia wajitawale wenyewe. Basi mchawi mmoja akaamua peke yake: Bungle akafutwa. Curtis aliporudi kutoka safari akakuta mambo yameharibika, akaanzisha utaratibu wa wanakijiji kupiga kura. Dibbell akayaandika yote katika gazeti la Village Voice la New York, Desemba 1993. Na msije mkadhani yaliishia hapo. Akaibuka mgeni mpya, Dr. Jest, na waliomsikia wakaitambua sauti.

"Sasa si angezima kompyuta akalale?" akauliza muuza kahawa.

Swali hilo nimelisikia kwa watu wenye digrii pia. Namrudishia: wewe siku ile shemeji yako alipokusema kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, kwa nini hukuzima simu ukalala? Ulikuja hapa saa kumi na mbili asubuhi, kahawa hujachemsha, unasoma ujumbe kwa sauti.

Akanyamaza. Akamimina.

Ndiyo maana somo la kwanza la mgeni katika grupu la dogo halihusu kubweka wala kuota mkia. Ni hili: mwili wa mwenzako huuandiki. Dogo alituonyesha kwenye simu, skrini imejaa mafuta, tukasogeza vichwa. Seremala kakutana na yule mnyonya damu kwenye ngazi za kilabu cha pombe. Wamekosana. Dogo haandiki "ngumi yangu ikamvunja taya." Akiandika hivyo ataonywa. Anaandika: "Seremala akakunja ngumi, akairusha kuelekea shavu la mgeni." Halafu basi. Anaweka simu kando ya chupa ya tomato, anageuza viazi. Taya si lake. Mwenye taya, ambaye huenda yupo Kanada na muda huu kalala, ndiye atakayeamka na kuandika kama ngumi imempata, au ameinama, au imempata lakini meno yaliyoonekana midomo ilipopasuka yalikuwa marefu kuliko ya binadamu. Siku mbili ngumi iko hewani. Wiki ile umeme ulipokatika mtaani na simu ikazima, ilikaa hewani siku nne.

Na wana alama yao ya kuvuka. Dogo akitaka kusema kama yeye mwenyewe, anafungua mabano mawili mawili: ((samahani, mteja)). Nje ya mabano ni seremala, ndani ya mabano ni muuza chipsi, na mmoja haruhusiwi kutumia alichokijua mwenzake. Hili lilinikamata kuliko yote. Katika hadithi yao mnyonya damu alimuua kaka yake seremala, usiku, hakuna aliyeona. Dogo aliisoma sehemu hiyo neno kwa neno kama kila mtu. Seremala hakuwepo. Kwa hiyo seremala hajui. Kwa hiyo dogo, akijua kila kitu, akiuma meno hapa mbele ya karai, ilibidi wiki nzima amkaribishe muuaji mezani, amkatie mkate, amuulize safari ilikuwaje, kwa sababu mhusika wake hana njia ya kujua.

Nidhamu hiyo nani kati yetu anayo? Hapa benchini ukinong'onezwa jambo asubuhi, adhuhuri limeshafika Manzese na limeongezewa watoto wawili.

Haya, sasa waje wageni. Dogo anasema karibu kila anayeomba kujiunga anataka kuwa joka. Tena si joka la kawaida: la mwisho katika ukoo wake, baba malaika, mama shetani, wazazi waliuawa mbele yake, jicho moja la dhahabu na jingine la fedha, haliungui, halizami, halifi. Kabla hujaingia unajaza fomu ya mhusika, jina, umri, aina ya kiumbe, nguvu zake, historia yake. Na kuna mahali pa udhaifu. Admini anaangalia hapo kwanza. Mgeni wa juzi aliandika: "Udhaifu wake ni kwamba anawapenda mno wenzake." Wakamrudishia. Akaandika: "Udhaifu wake ni hasira, akikasirika anakuwa na nguvu zaidi." Wakamrudishia tena. Mfyuu! Mnacheka nini? Kila aliyewahi kufanya usaili wa kazi amejibu vilevile.

Wengine hupenya. Fomu wanaijaza vizuri, wakishaingia ndani joka haliguswi. Unalirushia mshale, linaudaka. Unaliwekea sumu, lilikwisha kunywa dawa tangu utotoni. Unalifumania, lilikuwa linajua unakuja. Watu hawalifukuzi joka hilo. Wanahamisha hadithi yao taratibu, tukio moja baada ya jingine, mpaka siku moja linajikuta limesimama peke yake kwenye mlima, linaunguruma, hakuna anayeandika jibu.

Niseme au ninyamaze? Nasema. Na sisi tunaye wetu, dereva mstaafu wa malori ya Zambia, na kwa kuwa ni mkubwa wangu nitampa heshima zote kabla ya kumchoma. Katika stori zake hajawahi kulala gereji, hajawahi kukamatwa na trafiki, na simba wa Mikumi alimtazama usoni akaona aibu akaondoka. Kamba hizo ni nzuri, mimi mwenyewe nazipenda, lakini hazina mlango. Akimaliza hakuna cha kuuliza. Linganisha na mzee wa bao akisimulia alivyotapeliwa ng'ombe mnadani: kila mtu ana lake la kuongeza, aliyempa noti bandia alikuwa amevaaje, kwa nini hukumshika koti, mimi ningefanya hivi. Saa mbili zinakwisha na hakuna aliyeondoka.

Kuuma nako kuna adabu yake. Katika hadithi za kugeuka, meno ndiyo yanayoambukiza. Ukiumwa na mbwa mwitu mwezi ujao nawe unabweka. Lakini mhusika wa mtu haambukizwi mpaka mwenyewe akubali, kwenye mabano mawili, maana wewe ukigeuza seremala wa watu umembadilishia maisha yote aliyoyaandika. Wenye mchezo mkubwa wa mtandaoni, World of Warcraft, walionja shida ya kinyume chake Septemba 2005. Waliweka ugonjwa wa damu kwa adui mmoja, Hakkar, ukae hukohuko pangoni mwake kuwatesa mashujaa. Wachezaji wakautoa bila kujua kupitia wanyama wao wa kufuga, wakaufikisha mjini, na wahusika wachanga wakawa wanakufa barabarani kabla hawajajua kilichowapata. Wengine walikimbilia porini. Waganga wakabaki wakitibu mpaka wakaugua. Wapo waliokuja tu kushangaa, na wapo walioubeba makusudi kuupeleka kwa wengine. Ilibidi kampuni iwashe upya seva zake na kuurekebisha mchezo. Watafiti wa magonjwa ya mlipuko, Eric Lofgren na Nina Fefferman, wakayachambua mwaka 2007 katika jarida la The Lancet Infectious Diseases. Korona ilipobisha hodi, kila tabia ya binadamu ilikuwa imeshafanyiwa mazoezi na majitu na mazimwi.

Wenye watoto, neno moja tu haraka: magrupu haya yapo ya watu wazima na yapo ya vijana, na mlangoni wanauliza umri. Mtoto asitoe jina la shule, mtaa wala picha, hata kwa jini mwema kiasi gani, na mtu mzima anayemwita mtoto pembeni waongee wawili tu si jini, ni mtu, na huyo ndiye wa kuogopa. Tuendelee.

Fundi cherehani alikuwa bado hajaridhika. Akasema huko wanakwenda watu ambao maisha yamewashinda, mtu mwenye lake la kufanya hana muda wa kuwa mbwa. Hapo nikamsimulia habari ya Mats Steen, na nitaisimulia na hapa, ingawa si ya kuchekea.

Alikuwa Mnorwe, kazaliwa 1989 na ugonjwa unaoitwa Duchenne, unaokausha misuli kidogo kidogo. Kwanza miguu ikamwacha, kisha karibu kila kiungo, akabaki na vidole vya kuchezea kompyuta. Akashinda humo World of Warcraft miaka na miaka, na wazazi wake wakawa wanaumia wakidhani mtoto wao hana rafiki duniani. Alifariki Novemba 2014, umri miaka 25. Baba yake akaingia kwenye ukurasa ambao Mats alikuwa akiandika mambo yake, akatangaza msiba na kuweka anwani yake. Barua pepe zikaanza kuingia kutoka nchi mbalimbali za Ulaya. Mtu baada ya mtu anaeleza jinsi kijana huyo alivyomsikiliza, alivyompatanisha na mwanawe, alivyomchekesha siku mbaya. Alikuwa mmoja wa kikundi cha waigizaji wa humo kinachoitwa Starlight, na jina lake huko lilikuwa Ibelin Redmoore. Wenzake wakachanga ili asiye na nauli naye afike Oslo kuzika. Mwaka 2024 mwongozaji Benjamin Ree alionyesha filamu kuhusu maisha yake, ambayo sehemu zake nyingi zimejengwa kutoka kwenye mazungumzo yaleyale yaliyohifadhiwa.

Mnajua alichagua kiumbe gani? Dunia ile imejaa: watu-ng'ombe wenye pembe, majitu ya kijani, na tangu 2010 wapo hata watu wanaogeuka mbwa mwitu kama seremala wetu. Mats akachagua binadamu. Mwanamume mpelelezi, mwenye mabega. Na kila akiingia humo, jambo alilopenda kulifanya kwanza ni kukimbia, njia ileile, kama nusu saa hivi. Tena alikaa miaka bila kuwaambia wenzake kuwa anaumwa, na si kwamba hakugombana nao; aligombana kama mtu yeyote mwenye marafiki. Fundi cherehani aliniuliza ni mbio za kwenda wapi. Nikamwambia hakuna pa kwenda, anakimbia tu. Akavuta kitambaa, akaanza kukishona upande usio wake.

Wa bodaboda ndiye aliyetuokoa. Akasema kama ni hivyo basi na yeye anajiunga, atakuwa joka. Benchi zima: aaaah!

Lakini aliyejiunga si yeye. Keshokutwa yake mzee wa bao alimwita dogo, akamkalisha, akamwambia, "Mjukuu, fomu hiyo isome kwa Kiswahili, mimi nitasema, wewe uwaandikie kwa Kizungu chao." Tukasogea. Jina? Akatoa jina la ng'ombe wake wa zamani. Umri? "Mzee." Kiumbe?

"Fisi."

Tukapiga kelele. Mzee mzima, mtu wa heshima, mwenye nafasi ya kuwa simba, tai, hata tembo mwenye akili! Akasema simba Singida walishaharibu jina. Historia ya mhusika: fisi huyu amepandwa na wachawi miaka mingi, kila usiku safari, mgongo umepinda, siku moja amemwangusha aliyempanda akakimbia, na sasa anatafuta mahali ambapo atatembea bila mtu mgongoni. Dogo akaacha kuandika, akamtazama. Nguvu zake? Taya. Udhaifu?

Mzee alifikiri, kete mkononi. "Akijificha anacheka. Hawezi kujizuia. Popote anapovizia lazima acheke, wamsikie."

Admini hakuirudisha. Alijibu kwa mabano mawili kwamba tangu grupu lianze hajapata kuona udhaifu uliojazwa namna ile, akauliza mzee anaandika vitabu? Dogo akamjibu hapana, anacheza bao.

Kuna joka humo, lile la macho mawili ya rangi mbili. Jioni hiyo likamkuta fisi nje ya kijiji, likamtemea moto. Kwa kweli liliandika kwa adabu safari hii, huenda limeanza kuchoka na mlima. Liliandika moto ukaenda kuelekea miguu ya fisi, likakomea hapo. Dogo akasoma kwa sauti, akatafsiri, akashika simu tayari.

"Andika umempata," akasema mzee. "Mguu wa nyuma."

"Babu, unaweza kukwepa. Kuna mwamba hapo pembeni, wamesema juu."

"Nimeuona. Andika umempata, mguu umeungua, kaanguka. Halafu andika anacheka." Akasambaza kete zake, akala mbili za fundi cherehani ambaye hakuwa anatazama. "Sasa zamu yake. Tuone joka litamfanya nini fisi kilema anayelichekea."